Faili dogo linapita, kubwa linaganda: pima ukubwa wa pakiti

Hii ni kwa wanaofungua folda ya seva ya Kampala wakiwa tawi la Gulu au Mbarara kupitia VPN (njia ya faragha inayopita ndani ya intaneti). Folda inafunguka, faili dogo linakwenda, kubwa linaanza kisha linaganda. Kabla ya kulaumu seva, fungua dirisha la amri kwenye Windows, uandike ping -f -l 1472, kisha anwani ya seva. Ikigoma, punguza namba kumikumi hadi jibu lirudi. Jumlisha 28 kwenye namba iliyofaulu. Hiyo ndiyo MTU ya kutumia, yaani ukubwa wa juu wa pakiti (kipande cha data kinachosafiri mtandaoni). Iliyofaulu ikiwa 1372, weka 1400, katika dirisha la amri ulilofungua kama msimamizi (Run as administrator):

netsh interface ipv4 set subinterface "Wi-Fi" mtu=1400 store=persistent

(Badilisha "Wi-Fi" kama kiunganishi chako kina jina lingine.)

Pakiti ya kawaida ni baiti 1500, na VPN huongeza vichwa vyake (taarifa za usafirishaji) juu. Pakiti iliyojaa haipenyi tena, na fayawoli (kinga ya mtandao) ikizuia ujumbe wa kumwonya mtumaji, inapotea kimyakimya. Faili dogo halijazi pakiti, ndiyo maana linapita na kutudanganya kwamba njia ni nzima.

Dawa hii haifai ikiwa 1472 inapita bila shida, au seva haijibu ping hata ukiweka namba ndogo. Na faili likikwama kila mara karibu na GB 4, angalia diski inayopokea: FAT32 (mfumo wa zamani wa kupanga faili kwenye diski) haihifadhi faili linalofika hapo, hata mtandao uwe mzuri namna gani.