Kuchagua rimu, tairi na madigadi kwa barabara za Goma

Kabla ya kununua tairi la baiskeli, soma tarakimu zilizochapwa ubavuni mwa lile la zamani: 28-622 maana yake ni upana wa milimita 28 na kipenyo cha milimita 622 pale tairi linapokaa kwenye rimu, yaani kipimo cha 700C. Kwa lami pekee upana huo unatosha, lakini mtu wa Goma, ambaye kila siku huacha lami na kuingia vichochoro vya mawe makali ya lava ya Nyiragongo, namsihi achukue milimita 35 au zaidi iwapo fremu inaruhusu, kwani tairi jembamba lenye upepo mdogo hubanwa kati ya jiwe na rimu, na mpira wa ndani hutoboka matundu mawili sambamba.

Madigadi yazidi upana wa tairi kwa milimita 10 hivi. Pitisha penseli kati yake na tairi huku ukizungusha gurudumu polepole. Ikikwama popote, changarawe nayo itakwama, na gurudumu la mbele likisimama ghafla humrusha mpanda baiskeli. Rimu ndogo za 650B, zenye kipenyo cha milimita 584, zikiwekwa mahali pa zile za 700C huacha nafasi ya tairi nene zaidi, mradi breki ziwe za diski, si za kubana rimu.