Zege la majivu ya pumba za mpunga: jinsi ninavyochanganya

Hapa Ifakara pumba zimerundikana nyuma ya kila mashine ya kukoboa mpunga, na nyingi huishia kuchomwa bure. Mimi fundi nayataka majivu yake, maana yana madini mengi ya silika, yale yaliyomo kwenye mchanga, na yanaweza kushika nafasi ya sehemu ya saruji. Saruji hupikwa kwa nyuzi joto 1,450, na mawe ya chokaa yakiungua hutoa hewa ukaa yenyewe, mbali na ile ya moto wa tanuri.

Anza na rangi. Chukua majivu ya kijivu kilichopauka au meupe. Meusi bado yana mkaa, na mkaa hunywa maji ya zege. Moto usizidi nyuzi 700. Ukizidi sana, silika hugeuka fuwele, haishikani vizuri na chokaa inayotoka kwenye saruji ikilowa, na vumbi lake linaumiza mapafu. Vaa barakoa, saga, chekecha, kisha sugua kidogo kati ya vidole: ukisikia chengachenga, rudisha kwenye kinu.

Soma mfuko wa saruji. Tafuta ulioandikwa CEM I 42.5. Wa CEM II umeshachanganyiwa vitu vingine kiwandani, na ukiongeza majivu juu yake unapunguza nguvu.

Kwa mfuko wa kilo 50, toa saruji kilo 5, weka majivu kilo 5. Pima kwa mizani, kwa sababu ndoo ya majivu ni nyepesi kuliko ndoo ya saruji. Changanya vikavu mpaka rangi iwe moja, ndipo ulete mchanga na kokoto, 1:2:4, yaani sehemu moja ya mchanganyiko wa saruji na majivu, mbili za mchanga, nne za kokoto.

Sasa maji, na hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Zege hili huonekana gumu kwenye koleo, na kibarua atakimbilia ndoo. Mzuie. Lita 25 hadi 27 kwa mfuko zinatosha, pungufu kama mchanga umelowa. Likigoma kulainika, mchanganyiko unaofuata tumia majivu kilo 3, na shindilia kwa nguvu.

Funika kwa magunia, mwagilia asubuhi na jioni kwa siku 14. Majivu hufanya kazi polepole, na yakikosa maji yanasimama.

Sakafu na njia za kupita, anza nazo. Nguzo na slabu zisubiri mhandisi apime nguvu maabara kwa vipande vya zege hili vya mchemraba wa milimita 150, vikiwa na umri wa siku 28.