Spika moja, amplifaya mbili: wati ngapi juu, wati ngapi chini?

Swali linalorudi kila mara kwa wanaoendesha spika moja kwa amplifaya mbili, ya juu kwa twita (spika ndogo ya sauti za juu) na ya chini kwa wufa (ile ya besi), ni hili: twita inakula nguvu kidogo, si niipe amplifaya ndogo ya wati 20, ile ya wati 100 ibaki na wufa? Wakati mwingine inafaa, wakati mwingine utaharibu muziki kabisa. Inategemea krosova, yaani kichujio kinachogawa sauti kati ya wufa na twita, imekaa wapi.

Hatua ya 1: Tazama krosova iko wapi. Kama unatumia krosova iliyomo ndani ya spika, amplifaya zote mbili zinapokea muziki wote, kisha krosova inachuja. Kama krosova iko mbele ya amplifaya, kila moja inapokea sehemu yake tu. Usinunue chochote kabla hujajua uko upande gani.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya wati. Angalia unyeti wa spika, yaani inatoa sauti kubwa kiasi gani kwa nguvu fulani, kwenye karatasi yake. Tuseme ni desibeli 87 kwa volti 2.83, yaani wati 1 kwenye omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika), ukipima umbali wa mita 1. Ukikaa mita 3 ndani ya chumba cha kawaida, unapoteza kama desibeli 6. Spika ya pili ya stereo inakurudishia 3. Zimebaki 84. Ukitaka vilele vya muziki vifike 100, pengo ni desibeli 16. Desibeli 10 ni nguvu mara 10, na kila desibeli 3 ni mara 2. Basi 16 ni mara 10, mara 2, mara 2 tena: wati 40. Wengi hushangaa kuona namba ni ndogo hivyo. Mimi huongeza maradufu ili amplifaya isifanye kazi kwa kujikaza, basi.

Hatua ya 3: Krosova ikiwa ndani ya spika, linganisha volti. Hapa ndipo watu wanapokosea. Amplifaya ya wati 100 kwenye omu 8 inafika kilele cha volti 40. Ya wati 20 inaishia karibu volti 18. Sasa ngoma nzito inagonga na kudai volti 30. Amplifaya ndogo imeunganishwa na twita tu, na mkondo wa besi haupiti kwake, lakini volti za besi bado inatakiwa izitoe. Haiwezi, kwa hiyo inakata mawimbi, na uchafu unaotokana na mkato huo una masafa ya juu ambayo krosova inayapitisha moja kwa moja hadi kwenye twita. Utasikia sauti ya mwimbaji ikikwaruza kila ngoma inapopiga.

Kwa hiyo nunua mbili zinazofanana. Ya juu inaweza kuwa na mkondo mdogo, lakini volti zisipungue. Na usitegemee muujiza: faida ya njia hii ni ndogo. Risiva yenye chaneli za ziada ndiyo hafifu zaidi, maana chaneli zote zinanyonya pawasaplai moja.

Hatua ya 4: Krosova ikiwa mbele, ya juu inaweza kuwa ndogo. Mgawanyo kati ya wufa na twita ukiwa karibu na Hz 300, nguvu hugawanyika takriban nusu kwa nusu. Ukiwa Hz 2,500, twita inahitaji kidogo sana. Robo hadi nusu ya wati za wufa inatosha. Weka kapasita (kijenzi kinachozuia masafa ya chini) kati ya amplifaya na twita, kwa sababu mshindo wa kuwasha mitambo unaweza kuiunguza. Kupanga krosova yenyewe ni kazi ya maikrofoni ya vipimo, si ya masikio peke yake.

Hatua ya 5: Angalia omu. Wufa nyingi zilizoandikwa 4 hushuka hadi karibu 3. Amplifaya ya chini iwe inazimudu.

Hatua ya 6: Sawazisha ukuzaji. Wati hazikuambii amplifaya inakuza mara ngapi. Kwa krosova ya ndani, chomoa spika, cheza mlio wa Hz 100 kwa sauti ndogo, pima volti za AC kwenye matokeo ya kila amplifaya. Moja ikisoma 2.00 na nyingine 2.40, tofauti ni zaidi ya desibeli 1.5, na utaisikia. Punguza iliyozidi hadi tofauti iwe chini ya asilimia 6. Amplifaya ya taa (ya vali za kioo, si transista) usiiwashe bila mzigo. Ipime ikiwa imeunganishwa na spika.

Hatua ya 7: Unganisha. Zima kila kitu. Toa vile vibao vya chuma nyuma ya spika vinavyounganisha terminali za twita na za wufa. Ukivisahau, umeunganisha matokeo ya amplifaya mbili, na moja inaweza kuungua. Kisha pima kwa mita kati ya terminali mbili nyeusi: zikiwa zimeungana ndani, usitumie amplifaya zenye matokeo ya briji, yaani ambazo terminali yao nyeusi nayo inabeba sauti.

Washa ya chini peke yake, sauti ndogo. Muziki usikike mzito na uliofifia. Ongeza ya juu. Mwimbaji akisikika amerudi nyuma badala ya kusimama katikati, huenda amplifaya moja inageuza feizi, yaani chanya inatoka ikiwa hasi. Zima, geuza nyekundu na nyeusi za twita kwenye spika zote mbili, sikiliza tena.