Namna ya kukusanya majina ya wapagazi wa kijiji chenu na kuyachonga kwenye jiwe

Anza na swali, na uliulize kwa maneno ya wenyeji. Nilipoanza kuzunguka kwetu Taita nikiuliza, "Ni nani alikufa kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia?" wazee walinitazama tu, wakanikaribisha chai. Siku niliyouliza, "Hapa ni nani alipelekwa Kariakoo asirudi?" bibi mmoja aliweka ungo chini akakunja vidole vitatu, kimoja kimoja, vyote vya ukoo wake. Carrier Corps, jeshi la wapagazi la Waingereza, kwetu halikuwahi kuitwa kwa jina lingine ila Kariakoo.

Utakapoenda, uwe unajua habari yenyewe, maana utaulizwa. Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914. Mwaka 1915 Waingereza walijenga reli ya kijeshi kutoka Voi hadi Maktau, na mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya kuwachukua wanaume kwa nguvu wabebe mizigo. Mwaka 1917 ndio ulikuwa wa msako hasa. Upande wa Waingereza peke yake walikufa wapagazi zaidi ya 90,000, na wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia na unga ulioliwa haujaiva.

Majina yao hayapo. Sanamu ya askari pale Kenyatta Avenue, Nairobi, imeandikwa kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Jina lenyewe halikuandikwa hata moja. Ripoti ya mwaka 2021 ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na huenda wakafika 350,000. Kwa hiyo usingoje orodha kutoka ofisini. Orodha iko jikoni kwa bibi yako.

Nunua daftari lenye jalada gumu na umpe kila mtu ukurasa wake. Andika jina lake, jina la baba yake, ukoo, bonde alikotoka, alichukuliwa na nani, na ni nani aliyerudi na habari za kifo chake. Hilo la mwisho usiliruke kamwe. Jina lililoletwa na mtu aliyemzika mwenzake porini lina uzito kuliko jina la kusikia sokoni. Uliza pia watoto waliorithi jina lake, kwa sababu mara nyingi mjukuu anaitwa jina ambalo hajui limetoka wapi.

Tenganisha waliokufa huko na waliokuja kufia nyumbani. Mwisho wa 1918 homa kali ya mafua iliua watu wengi, na wazee huichanganya na Kariakoo. Sisi tuliamua kwamba aliyerudi mgonjwa akafa kabla ya 31 Agosti 1921 anaingia, maana hata Tume yenyewe huhesabu mpaka tarehe hiyo. Kuna waliopinga. Mimi nilishikilia, na bado nashikilia: mtu aliyerudi mifupa mitupu akafa baada ya miezi miwili aliuawa na mzigo uleule.

Baada ya hapo ndipo uende kwenye maandishi. Tovuti ya Tume ni ya bure. Tafuta jina kwa kila namna ambayo karani mgeni angeweza kuliandika. Mwakio anaweza kuwa Makio, Mwachio, au Mwakio mwana wa jina ambalo hakuna anayelitambua. Kisha nenda Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Moi Avenue, uombe ripoti za wilaya za miaka ya vita. Beba penseli. Usipompata mtu wako kwenye karatasi, usimfute daftarini.

Kabla ya kuchonga, soma orodha yote kwa sauti mbele ya watu, Jumapili tatu mfululizo, na uibandike sokoni pia. Sisi tulisahihishwa majina manne.

Kuhusu mahali, wanaume wengi waliochukuliwa hawakuwa Wakristo. Baraza letu la kanisa lilitaka msalaba juu ya jiwe. Niliomba jiwe liwekwe uani karibu na lango, lisiwe na msalaba, ili mtu yeyote afike bila kuhisi ameingia nyumba ya wengine. Mzee mmoja aliniunga mkono kwa neno lililonyamazisha kikao. Zamani Wataita walifukua mafuvu ya wazee wao na kuyaweka pangoni pamoja na ya ukoo. Akasema, "Kaka wa babu yangu fuvu lake halikufika pangoni. Basi hapa ndipo atakapofika."

Usikubali rangi. Bamba letu la kwanza lilikuwa la saruji lenye herufi za rangi, na masika mawili yalizibambua. Jiwe la pili ni granaiti, herufi zimechimbwa kwa patasi kiasi ukipitisha ncha ya kidole unaisikia kona ya kila herufi. Mmoja wa wajukuu haoni, na huja kulisoma la babu yake hivyo hivyo. Mpe fundi majina yaliyopigwa chapa kwa herufi kubwa, simama naye herufi ya kwanza mpaka ya mwisho, na usimlipe yote kabla hujasoma. Panga kwa alfabeti, bila cheo. Mnyapara na mpagazi wakae mstari mmoja.

Acha robo ya chini ya jiwe tupu. Sisi tuliacha nafasi ya majina kumi na mawili, na mpaka sasa tumeongeza matano.