SOMO: Kumtunza nyumbani mzee aliyetumikia jeshi la Marekani, hatua kwa hatua

Wakuu, habari za humu ndani.

Swali linalonifikia faragha kila mara ni hili: "Eti VA wanalipa mtu wa kumtunza mzee nyumbani?" Naandika jibu mara moja, na kuanzia leo atakayeuliza namleta kwenye uzi huu.

Nazungumzia Marekani tu. VA ni wizara ya huko inayohudumia wanajeshi wastaafu. Wengi wenu mna baba mkwe au mume aliyetumikia jeshi huko, na wengine mnafanya kazi ya utunzaji kupitia wakala. Ninachoeleza ni msaada usio wa kitabibu: kuoga, kuvaa, kula, choo, kuinuka kitandani, kupika, kufua, kumpeleka kliniki, kukaa naye asiwe mpweke. Sindano, vidonda na mirija ni kazi ya muuguzi.

HATUA YA 1: DAFTARI
Kabla ya fomu yoyote, tafuta daftari. Kwa wiki mbili andika kila siku kile ambacho mzee ameshindwa kufanya bila mkono wa mtu. "Jumanne: hakuweza kuvuka ukingo wa bafu, nilimshika kiunoni. Usiku alianguka akienda chooni." Usiandike majina ya magonjwa. Andika matendo.

HATUA YA 2: KARATASI YA KUACHIWA JESHI
Inaitwa DD-214. Tafuta kwenye makabati, Biblia ya familia, bahasha za zamani. Aliyetoka jeshini kabla ya 1950 atakuwa na karatasi ya aina nyingine, nayo inakubalika. Ikikosekana, ombeni nakala kwa fomu SF-180, kwa kawaida ni bure. Lakini mjue jambo hili: Julai 12, 1973 kituo cha kumbukumbu kule St. Louis kiliungua, na faili kati ya milioni 16 na 18 zikateketea. Walioumia zaidi ni wa jeshi la nchi kavu walioachiwa kati ya 1912 na 1960, na baadhi ya wa jeshi la anga hadi 1964. Mkijibiwa kwamba faili halipo, si kwamba mzee alidanganya. Waambieni mnaomba lijengwe upya kwa kumbukumbu nyingine, na mpeleke chochote mlicho nacho: picha zenye tarehe, barua, hati za malipo.

HATUA YA 3: JUA UNAGONGA MLANGO UPI
Hapa ndipo watu huchanganya. "VA wanalipa" si kitu kimoja.

Mlango wa kwanza ni wa afya. Mzee aliyejiandikisha kwenye huduma ya afya ya VA (fomu 10-10EZ) anaweza kutumiwa mhudumu wa nyumbani kutoka kwa wakala mwenye mkataba na VA. Mpango unaitwa Homemaker and Home Health Aide. Anayeanzisha ni daktari wake wa VA au afisa wa ustawi wa jamii pale kliniki. Umwombe kwa jina la mpango. Ukisema tu "tunahitaji msaada" utapewa vipeperushi. Ndani ya mlango huohuo kuna Veteran-Directed Care, ambapo mzee hupewa bajeti na kuajiri amtakaye, hata binti yake. Huo haupo katika kila hospitali ya VA.

Mlango wa pili ni wa pensheni: nyongeza inayoitwa Aid and Attendance. Hii ni pesa mkononi mwa mzee. Awe na miaka 65 au zaidi, au ulemavu wa kudumu. Awe ametumikia siku zisizopungua 90, walau moja ikiwa ndani ya kipindi cha vita (walioingia baada ya Septemba 1980 masharti ya muda ni marefu zaidi). Si lazima awe amepigana, wala kutoka nje ya Marekani. Aliyekuwa karani Texas wakati wa vita vya Vietnam, kati ya Agosti 1964 na Mei 1975, anahesabiwa. Kuna ukomo wa kipato na mali, ila nyumba anayoishi haihesabiwi, na pesa anazomlipa mtunzaji hupunguza kipato kinachohesabiwa. Wengi hukata tamaa mapema kwa kutojua hilo la mwisho.

Mlango wa tatu ni wa mwanafamilia anayemtunza mzee mwenye ulemavu uliotokana na utumishi, kiwango cha asilimia 70 na kuendelea. Fomu ni 10-10CG. Tangu Oktoba 2022 uko wazi kwa waliotumikia miaka yoyote. Mtunzaji hupata posho ya kila mwezi na mafunzo.

HATUA YA 4: TAARIFA YA NIA
Kwa mlango wa pili, jazeni fomu 21-0966 siku hiyohiyo mnayoamua. Inalinda tarehe ya kuanzia kwa mwaka mmoja mkiwa mnakusanya karatasi.

HATUA YA 5: FOMU YA DAKTARI
Hii someni taratibu. Fomu ni 21-2680, na ndiyo iliyotuangusha sisi mara ya kwanza.

Mzee aliyelelewa na jeshi hafundishwi kulalamika. Siku ya daktari ananyoa ndevu, anavaa shati lililopigwa pasi, anakaa wima. Daktari anauliza, "Unaendeleaje?" Naye anajibu, "Vizuri." "Unaoga mwenyewe?" "Ndiyo." Hakudanganya kwa nia mbaya, anaona aibu kusema mbele ya mtu kwamba anashikwa kiunoni. Daktari anaandika: baridi yabisi, kisukari, anajitegemea. Neno hilo la mwisho linamaliza kila kitu. Anayeamua ombi hajawahi kumwona mzee, anasoma karatasi. Na magonjwa peke yake hayatoshi: watu wengi wana baridi yabisi na wanaoga wenyewe.

Kwa hiyo peleka daftari la hatua ya 1. Lifupishe liwe ukurasa mmoja, mpe daktari KABLA ya miadi, si mbele ya mzee. Usimsute mzee mbele ya watu. Atakasirika, na ana haki. Ombeni daktari aandike anachoshindwa, mara ngapi, na nini hutokea asiposaidiwa: "Hawezi kuingia bafuni bila kushikwa. Ameanguka mara mbili mwezi huu." Kabla hamjaondoka soma kila kisanduku. Kilichoachwa wazi kitasomwa kama "hana shida". Na kama mzee ana siku nzuri na siku mbaya, daktari aandike zote mbili.

HATUA YA 6: USIMLIPE MTU
Kujaziwa ombi la kwanza hakulipiwi, ni sheria. Afisa wa wanajeshi wastaafu wa kaunti, au mwakilishi aliyeidhinishwa wa vyama vyao kama American Legion, VFW au DAV, anafanya bure. Anayetaka ada, au anayekuuzia mpango wa bima kwanza, mkimbie.

HATUA YA 7: NYUMBA
Ondoa mazulia madogo, weka taa njia ya chooni, kiti cha kuogea, bomba la kuogea la kushika mkononi. Chuma cha kushikia kifungwe kwenye nguzo ya mbao ndani ya ukuta. Kishikio cha taulo si cha kubeba mtu. VA wana ruzuku ya marekebisho inayoitwa HISA, ulizeni.

HATUA YA 8: KAZI YENYEWE
Usimwamshe kwa kumgusa. Simama upande wa miguuni, mwite jina, subiri. Mtu aliyewahi kulala akiwa tayari kushambuliwa anaweza kurusha ngumi kabla hajafungua macho, kisha akajilaumu siku nzima. Ukiingia, toa sauti ukiwa mlangoni. Usimtokee kwa nyuma. Masikio ya wengi yaliharibiwa na mizinga na injini, basi kaa mbele yake aone midomo yako; kupaza sauti kunamfanya aone unamgombeza. Julai 4, sikukuu ya uhuru wa Marekani, mjiandae mapema kwa fataki.

Muulize anapenda kuitwaje. Usimuulize kama aliua mtu. Akianza kusimulia mwenyewe, acha vyombo, kaa.

Dawa: mtunzaji asiye muuguzi anakumbusha tu. Kupanga vidonge kunategemea sheria za jimbo na wakala, uliza kabla.

Na muhimu kuliko yote: kila anachoweza, afanye mwenyewe, hata kama vifungo vya shati vinachukua dakika kumi. Ukimfanyia kila kitu kwa haraka yako, unamnyang'anya nguvu zilizobaki.

Maswali karibuni.

—

Jembe Jipya: Mkuu ndefu hii. Kwa kifupi ni dola ngapi kwa mwezi?

Mwandishi: Viwango hubadilika kila Desemba 1, na hutegemea ndoa, kipato na gharama za mzee wako. Soma hatua ya 3.

Jembe Jipya: Nimesoma. Baba mkwe ana akiba kubwa benki. Tukiihamishia kwa mtoto halafu tukaomba?

Mwandishi: Hapana. VA huangalia miezi 36 nyuma. Mali iliyotolewa bure ili mtu aonekane hana inaleta adhabu ya hadi miaka 5 bila pensheni.

Jembe Jipya: Mbona unawatetea hivyo, umeajiriwa nao?

Mwandishi: Sijaajiriwa nao. Atakayekaa bila mtu wa kumwogesha wakati wa adhabu hiyo ni mzee, si mimi wala wewe.

Mama Wawili: Asante sana kwa somo. Namtunza mzee wa miaka 84, alikuwa Marine. Kuoga anakataa kabisa, siku ya tatu leo. Nikimbembeleza anafoka. Nifanyeje dada yangu?

Mwandishi: Pole, na ahsante kwa kuuliza vizuri. Mara nyingi anachokataa si maji. Ni baridi, ni hofu ya kuanguka, au ni kuvuliwa nguo na mtu mdogo kwake kwa miaka mingi. Pasha bafu joto kwanza. Taulo kubwa mabegani na mapajani, unaosha kipande unafunika. Mpe bomba alishike yeye. Usiulize "unataka kuoga?" maana jibu ni hapana, sema "maji yako tayari, tuanze kabla ya chai au baada?" Na weka saa ileile kila mara. Jeshini aliishi kwa ratiba, ratiba haimdhalilishi. Siku akikataa kabisa, kitambaa cha maji ya uvuguvugu usoni, makwapani na sehemu za siri kinatosha. Akianza kukataa ghafla wakati zamani alikubali, mwambie daktari. Huenda kuna maumivu. Kingine: usimwite "soldier". "Soldier" ni wa jeshi la nchi kavu; Marine wana kikosi chao, na Marine ni Marine.

Mama Wawili: Hilo la Marine nimelijaribu leo asubuhi. Amecheka! Kuoga bado, lakini amekubali kunawa.

Mwandishi: Hapo umefika mbali. Usimsukume kesho.

Tulizo: Mimi ni wa wakala. Nikitandika kitanda nimekuta bastola chini ya mto. Mzee anaanza kusahau. Nimeogopa kusema nisije nikaonekana mchongezi.

Mwandishi: Sema leo hii. Usiiguse, usiihamishe, toka chumbani, mpigie msimamizi wako kisha familia. Si uchongezi, mtu anayesahau anaweza kukuona mgeni saa tisa usiku. Wanaopaswa kuzungumza naye ni familia, au rafiki aliyetumikia naye, wakati ametulia, tena kwa heshima: silaha inafungwa, risasi zinakaa kwingine, ufunguo anao mtu mwingine. VA hutoa kufuli za kebo bure. Ukisikia anasema amechoka kuishi, au kwamba yeye ni mzigo, piga 988 kisha bonyeza 1, saa yoyote. Hata wewe mtunzaji unaruhusiwa kupiga kumwulizia.

Tulizo: Nimeshapiga kwa msimamizi. Mwanawe anakuja jioni. Mungu akubariki.

Mtu wa Bara: Je, mjane? Mume wa mama mdogo alikuwa Army wakati wa vita vya Korea, alishafariki. Mama mdogo haoni vizuri na yuko peke yake.

Mwandishi: Swali zuri, na wengi hawajui. Mjane ambaye hajaolewa tena anaweza kuomba pensheni ya mfiwa pamoja na Aid and Attendance yake mwenyewe. Fomu ni 21P-534EZ, pamoja na cheti cha ndoa, cha kifo, na DD-214 ya marehemu. Fomu ya daktari ni ileile 21-2680, safari hii kwa mwili wa mama. Macho yana kisanduku chake, kisiachwe. Na tarehe za utumishi ziangalieni: kipindi cha Korea ni Juni 27, 1950 hadi Januari 31, 1955.

Kandambili: Nitumie fomu zote WhatsApp.

Mwandishi: Ziko tovuti ya VA, tafuta kwa namba nilizoandika hapo juu.

Nyuki: Naongezea kwa wenye wazee wa Vietnam. Wa kwetu ana Parkinson (ugonjwa wa kutetemeka), tulikuwa tunaandaa pensheni. Afisa wa kaunti akatuzuia, akasema tuombe fidia ya ulemavu.

Mwandishi: Alifanya vema, na nashukuru umelileta. Parkinson na kisukari aina ya 2 vinahesabiwa kuwa vimetokana na dawa ya kuua majani iliyonyunyizwa vitani, Agent Orange, kwa waliokuwepo Vietnam. Shinikizo la damu liliongezwa na sheria ya PACT ya 2022. Fidia haiangalii kipato. Pensheni na fidia havilipwi pamoja, hupewa kilicho kikubwa. Tena kiwango cha ulemavu kikifika asilimia 70, mlango wa tatu unaweza kufunguka kwa mtunzaji.

Mama Wawili: Na mimi nikichoka? Sijatoka nyumbani muda mrefu.

Mwandishi: Kuna mapumziko ya mtunzaji: VA wanaweza kuleta mtu nyumbani, au kumpokea mzee, hadi siku 30 kwa mwaka, kama amejiandikisha na anastahili. Ombeni kwa afisa ustawi. Usingoje uugue.

Nyuki: Vifaa vya kusikia navyo VA wanatoa pamoja na betri. Wetu alikuwa ananunua mwenyewe miaka yote.

Mwandishi: Kweli kabisa. Na nauli: anayepokea pensheni ya VA, au mwenye ulemavu wa asilimia 30 na zaidi, hurudishiwa senti 41.5 kwa kila maili ya kwenda na kurudi kliniki; wengine hukatwa sehemu ndogo. Dai lipelekwe ndani ya siku 30 tangu miadi. Andikeni tarehe kwenye daftari lilelile.