Kupita kwenye magugu maji kwa mashua ya tanga

Nawaandikia vijana mnaoanza kushika tanga hapa Dunga, Kisumu, na bichi nyingine za Ghuba ya Winam katika Ziwa Victoria. Magugu maji hayapitwi kwa nguvu. Mwenye injini akilazimisha, mizizi inajisokota kwenye propela na safari inaishia hapo. Mwenye tanga anapita kwa kuujua upepo.

Upepo wetu una saa zake. Usiku hadi asubuhi hutoka nchi kavu ukielekea ziwani. Kuanzia adhuhuri hugeuka, ukavuma kutoka magharibi na kuingia ghubani, na magugu huja nao. Ndiyo maana alfajiri unaweza kukuta maji wazi mbele ya bichi, na saa kumi jioni pahali palepale pamekuwa kijani mpaka ufukweni. Ondoka mapema. Ukirudi, simama mashuani ukiwa bado mbali, utazame. Bichi yako ikiwa imefungwa, usijitie humo ukitumaini utapenya, kwa sababu mikeka mingine, yaani magugu yaliyoshikana yakielea pamoja, iko nyuma yako na upepo unaileta. Teremsha samaki bichi nyingine, ulipe boda. Hiyo nauli si hasara.

Sasa jifunze kuusoma mkeka wenyewe. Chukua mmea mmoja wa ukingoni, uutazame. Ukiwa mfupi, shina la jani limevimba na ukilibonyeza ni jepesi kama sponji, basi umeota kwa nafasi na wenzake hawajabanana. Hapo pana njia. Lakini ukiona majani marefu yaliyosimama wima, mashina membamba yasiyo na uvimbe, ujue yamesongamana. Na ukiona nyasi au mafunjo yameota juu yake, huo ni mkeka wa zamani, mzito. Uzunguke, hata ikikugharimu saa nzima.

Ukiamua kupita, shusha tanga kwanza. Ng'oa usukani uuweke ndani, maana ndio unaonasa mwanzo. Watu wahamie nyuma ili pua ya mashua iinuke kidogo, isikusanye magugu mbele. Mmoja abaki mbele na pondo, akiyasukuma kando, kushoto na kulia. Akiyasukuma mbele anajijengea ukuta. Wanaopiga kasia waende polepole, wakitoa mizizi kila inaponasa. Ile mizizi myeusi yenye manyoya ina uzito ambao mgeni haudhanii.

Kuna jambo moja naomba mlishike kuliko yote: msikae kati ya mkeka na ufuko upepo unapovuma kuelekea nchi kavu. Mabaharia wa kaskazini, kule Greenland, wanaogopa jambo hilohilo kwa barafu inayoelea. Mashua ndogo ikibanwa kati ya ufuko na kitu kinachosukumwa na upepo haina pa kukimbilia. Wala usitie nanga mbele ya mkeka unaokuja. Nanga inakushika wewe, magugu hayana wa kuyashika, na yatarundikana ubavuni mwa mashua.

Ukishanaswa, tulia. Usishuke kutembea juu yake hata kama yanaonekana kama uwanja wa mpira; hayabebi mtu, na chini yake mizizi inashika miguu. Kaeni na jaketi okozi mwilini. Simu iwe kwenye mfuko wa plastiki tangu asubuhi, upige kwa viongozi wa bichi mkiwa bado mnaona alama za nchi kavu, muwaeleze mko wapi. Wekeni maji ya kunywa na tochi, kwa kuwa mara nyingi kinachokufungua ni ule upepo wa usiku. Viboko nao hupenda kingo za magugu karibu na mafunjo, hasa jioni, kwa hiyo gongeni ubao wa mashua mnapokaribia.

Ukifika, toa kila kipande kilichobaki kwenye usukani, kamba na nyavu, ukitupe juani mbali na maji. Mmea huu ulitoka Amerika Kusini, na kipande kimoja chenye chipukizi kinatosha kuanzisha mkeka mwingine bichi ya jirani.