Jinsi ya Kulinganisha Kina cha Vigunduzi vya Metali vya Zamani na Vipya

Kabla ya kudai kwamba kigunduzi kipya kinafika chini zaidi kuliko cha zamani, hakikisha vyote viwili vina koili (kisahani cha mviringo kinachopitishwa juu ya ardhi) za kipenyo kimoja, kwa kuwa koili kubwa peke yake huweza kuongeza kina. Weka betri zilizojaa, zima uchujaji wa vyuma (mpangilio unaofanya mashine ipuuze baadhi ya metali), kisha sawazisha kila mashine na udongo uleule, yaani irekebishe isilie kwa sababu ya madini ya udongo. Kipimo cha hewani, yaani kupitisha sarafu mbele ya koili bila kuizika, hakitoshi hata kidogo: madini ya chuma yaliyomo udongoni ndiyo yanayofichua uwezo halisi. Zika sarafu ikiwa imelala, kwa sentimita 10, 15, kisha 20, na uhesabu tu mlio unaojirudia unapopitisha koili kutoka pande zote mbili. Sentimita 3 za ziada si haba, maana ishara hufifia upesi mno kadiri kina kinavyoongezeka.